Mikunjo ya pembe za macho hapa Goma: jua kwanza, kremu baadaye

Dada, nimesoma swali lako na majibu yote yaliyofuata. Una miaka 38, kila siku unapanda moto (pikipiki) kutoka mtaa wa Ndosho hadi sokoni Birere, unauza vitenge kwenye meza ya nje, mikunjo imeanza kujichora pembeni mwa macho na ya kushoto imezidi ya kulia. Rafiki amekupa tube ya kremu ambayo ndani ya wiki moja imeifanya ngozi laini kama ya mtoto. Unauliza kama uendelee nayo, kama kolajeni ya kunywa (kolajeni ni protini inayoishikilia ngozi) inafaa kununuliwa, na kama botoksi, ile sindano ya kulegeza msuli, ni ya kuaminika. Naanza na hiyo tube, maana hayo mengine yanaweza kungoja.

Igeuze usome maandishi madogo ya nyuma. Ukikuta clobetasol, betamethasone au fluocinonide, umeshika kortikoidi, na huo ulaini wa wiki moja umetoka hapo. Kortikoidi hubana mishipa midogo ya damu na kuzima uvimbe, kwa hiyo ngozi inanyooka na kung'aa upesi. Wakati huohuo inazilaza seli zinazotengeneza kolajeni. Ngozi ya kope ina unene wa karibu nusu milimita tu, ndiyo nyembamba kuliko yote mwilini, haichukui muda mrefu kuwa kama karatasi ya kusokotea sigara: inang'aa, mishipa inaonekana, vinyweleo vinaota pembeni mwa uso, na mikunjo inarudi mingi kuliko mwanzo. Ubaya wa pili hauonekani kwenye kioo. Dawa hiyo hupenya kope kirahisi, na ikitumiwa muda mrefu karibu na jicho inaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Mtu anatafuta kufuta mkunjo anaishia kupoteza kuona.

Kama umeipaka wiki moja au mbili, iache leo. Kama ni miezi, kila siku, usiikate kwa ghafla peke yako: ngozi iliyozoea kortikoidi ikinyimwa huwaka, huvimba na kutoa vipele, na hapo ndipo wengi hurudi kwenye tube wakidhani ngozi yao "inaitaka". Muone daktari wa ngozi akupunguzie kidogo kidogo.

Ikiwa jina la kortikoidi halipo, tafuta hydroquinone (hidrokinoni, ya kung'arisha ngozi) na mercury (zebaki). Zebaki huandikwa kwa majina mengi: calomel, mercurous chloride, ammoniated mercury, mercurio. Kuna dalili nyingine ambayo wauzaji wenyewe huiandika bila kujua wanajitaja: maelezo yakikuambia usiguse dhahabu, fedha au alumini ukiwa umejipaka, humo kuna zebaki. Hidrokinoni nayo, ikipakwa muda mrefu bila daktari, huweza kugeuza ngozi kuwa ya bluu-kijivu hasa kwenye mashavu na kuzunguka macho, na rangi hiyo haiondoki kirahisi. Umoja wa Ulaya uliizuia kwenye vipodozi vya kung'arisha ngozi mwaka 2001. Kikopo kisicho na orodha ya viambato kabisa, kilichochanganywa sokoni na kufungwa kwa nailoni, hicho hakihitaji hata kusomwa.

Sasa yule aliyekujibu kwamba sisi weusi hatuzeeki na kremu ya jua ni ya wazungu. Ana nusu ya ukweli. Vipimo vya mwaka 1979 nchini Marekani vilionyesha kwamba melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, kwa ngozi nyeusi inakinga jua kwa nguvu ya kama SPF 13 (SPF ni kipimo cha kinga ya jua), wakati ngozi nyeupe ina kama 3. Ndiyo maana mikunjo yetu huchelewa miaka mingi. Lakini 13 hiyo inahusu zaidi miale inayounguza. Miale mirefu, UVA, inashuka hadi ndani kabisa ambako kolajeni iko, inapita kwenye mawingu mepesi na kwenye kioo cha dirisha. Na kwetu sisi jua huacha alama nyingine kabla ya mkunjo: weusi chini ya jicho, madoa, rangi isiyolingana. Mwanamke wa Goma mwenye miaka 45 mara nyingi anaonekana kuchoka kwa sababu ya rangi kuliko kwa sababu ya mikunjo.

Tena Goma si Mombasa. Tuko kwenye mita 1,500 hivi, na kila ukipanda mita 1,000 miale ya jua huongezeka kwa kama asilimia 10. Hewa yetu ni baridi kidogo, jua haliumi, kwa hiyo mtu anakaa mezani mchana kutwa bila kuhisi anachomwa. Ikweta iko jirani pia. Kipimo cha bure ni kivuli chako: kikiwa kifupi kuliko wewe, jua ni kali. Hapa kwetu hiyo ni kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, mwaka mzima. Wanaohofia mng'ao wa ziwa Kivu wapunguze hofu, maji hurudisha chini ya asilimia 10 ya miale hiyo. Kinachokuchoma ni anga iliyo juu yako.

Kabla hujanunua chochote, fahamu kwanza una mikunjo ya aina gani. Asubuhi, uso ukiwa umenawa na haujapakwa kitu, simama pembeni mwa dirisha ili mwanga utoke upande mmoja. Taa ya juu inadanganya. Tuliza uso kabisa, kana kwamba umelala, utazame pembe ya jicho. Kisha cheka kwa nguvu, halafu acha. Mistari inayotokea ukicheka tu na kupotea ukiacha ni ya msuli. Jicho limezungukwa na msuli wa duara, na kila ukicheka au kufinya macho unakunja ngozi mahali palepale. Mistari inayobaki uso ukiwa umetulia ni ile ambayo imeshaingia ndani ya ngozi. Kisha chukua Vazelini kidogo sana, paka upande mmoja tu, ngoja dakika 15, futa iliyozidi kwa kitambaa laini. Vile vistari vyembamba kama vya ganda la kitunguu vikipungua upande huo, ujue ulikuwa ukavu, na utaumaliza kwa mafuta ya bei ndogo. Wengi wa miaka 30 na kitu wana ukavu na msuli, hawana kingine. Uvimbe wa mfuko chini ya jicho ni jambo tofauti tena: kama ni mafuta yaliyosukumwa mbele, hakuna kremu inayoyarudisha, hata iuzwe kwa dola ngapi.

Kuhusu kushoto kuzidi kulia, angalia mambo mawili: jua linaipiga meza yako kutoka upande gani, na unalalia ubavu gani. Mwaka 2012 jarida kubwa la tiba la Marekani lilitoa picha ya dereva wa lori wa miaka 69 aliyeendesha miaka 28. Nusu ya uso iliyokuwa upande wa dirisha ilikuwa imekunjamana kama ya mzee mwingine kabisa. Hakuwa akiungua, kioo kilizuia miale inayounguza; UVA ndiyo iliyopita. Kwa hiyo geuza kiti chako, au sogeza mwavuli uwe upande wa kushoto, uone.

Miwani naipa nafasi ya kwanza, mbele ya kremu yoyote, na sababu ni kwamba inafanya kazi mbili: inazuia miale na inakuondolea kufinya macho. Mtu anayepanda moto barabara ya vumbi bila miwani anafinya macho safari nzima. Hesabu mwenyewe hizo ni dakika ngapi kwa siku, siku ngapi kwa mwaka. Lakini si kila miwani ya Birere inafaa. Weusi wa kioo hauonyeshi kinga. Kioo cheupe kinaweza kuzuia miale yote na kioo cheusi kikaipitisha. Kioo cheusi kisicho na kinga ni kibaya zaidi, maana mboni inafunguka kwa ajili ya giza na miale inaingia kwa wingi. Tafuta alama ya UV400, yaani inazuia miale hiyo, au aina ya 3 (category 3) kwenye mkono wa miwani. Aina ya 4 ni nyeusi mno na haifai barabarani. Kwa kuwa hata alama inaghushiwa, ipeleke kwa mpima macho mwenye kifaa cha kupima miale, ni kazi ya nusu dakika. Umbo lenyewe liwe pana na likumbatie pembeni, kwa sababu pembe ya jicho ndiyo unayoikinga. Ukiwa na kofia ngumu ya moto yenye kioo cha mbele cha polikaboneti, ishushe: plastiki hiyo yenyewe huzuia karibu miale yote, hata ikiwa nyeupe. Na ufute vumbi kwa maji kwanza, vumbi letu la volkano lina ncha, ukilifuta kavu kioo kinajaa mikwaruzo na unarudi kufinya macho.

Jambo ambalo hakuna aliyelitaja kwenye majibu: ukifika miaka 40 hivi, macho huanza kushindwa kusoma karibu. Ukiona unaisogeza simu mbali, au unafinya macho kuhesabu franka jioni, hiyo peke yake inachora mistari. Miwani ya kusomea ya +1.00 au +1.50 baada ya kupimwa inasaidia mikunjo kuliko vikopo vingi vya kremu.

Kremu ya jua. Chukua SPF 30 au 50. Tofauti yake ni ndogo, 30 inazuia asilimia 97 ya miale inayounguza na 50 inazuia 98. Kinachowaangusha watu ni kiasi. Kwa uso na shingo unahitaji mistari miwili mizima, kutoka shina la kidole hadi ncha, kidole cha shahada na cha kati. Ukipaka robo ya hiyo, SPF 50 uliyoilipia inakuwa kitu kingine kabisa. Kwenye zinazotoka Ulaya tafuta herufi UVA ndani ya duara, maana yake kinga ya miale mirefu ni angalau theluthi ya SPF iliyoandikwa. Karibu na macho chagua ya madini, yaani oksidi ya zinki au ya titani. Zile nyingine zikichanganyika na jasho hutiririka hadi jichoni na kuwasha, nawe unafikicha, na kufikicha ndiyo hasara yenyewe. Kasoro ya madini ni kutuacha na rangi ya majivu. Dawa yake ni kuchukua iliyotiwa rangi, kwenye paketi za Kifaransa huandikwa teintée. Rangi hiyo ni oksidi ya chuma, na ina faida ya ziada kwa ngozi nyeusi: inazuia mwanga wa kawaida unaoonekana, ambao nao hutia weusi kwenye ngozi yetu. Kremu ya jua isiyo na rangi haiuzuii.

Paka dakika 15 kabla ya kutoka. Kwa macho, weka nukta tatu ndogo kwenye mfupa unaozunguka jicho, ugongegonge kwa kidole cha pete mpaka ifike pembeni kabisa kuelekea kwenye nywele. Sehemu hiyo ya pembeni ndiyo husahauliwa, na ndiyo yenye mikunjo. Kurudia kila saa mbili ni vigumu sokoni, nakubali. Ile ya kijiti inarahisisha, unapitisha mara tatu nne kila upande bila kuchafua mikono. Angalau rudia saa sita mchana. Usiiache tube juani mezani au kwenye mfuko wa pikipiki, joto linaiharibu. Angalia kile kichoro cha kikopo kilichofunguliwa chenye 6M au 12M: ni miezi inayodumu baada ya kufunguliwa.

Kunyevesha ngozi hakufuti mkunjo ulioingia ndani. Kunaondoa vile vya ukavu na kufanya vingine visionekane sana, na athari yake unaiona siku ileile. Kanuni ni kupaka ngozi ikiwa bado na maji, ndani ya dakika tatu baada ya kunawa. Maji ya uvuguvugu, si ya moto. Sabuni ya kufulia au ya kipande kikali isifike machoni. Gliserini ya farmasi ni nzuri na ni rahisi, ila si tupu: ikiwa tupu inanata na inaweza kuwasha. Tone moja kiganjani, matone matatu au manne ya maji safi, changanya kwa kidole, gonga kuzunguka jicho. Usitengeneze chupa nzima ukaihifadhi, mchanganyiko wa maji usio na kihifadhi huota vijidudu na hapo ni karibu na jicho. Juu yake funika kwa Vazelini nyembamba sana usiku, kiasi cha punje moja ya mchele kwa macho yote mawili. Kazi yake ni kuzuia maji yasitoke, na kwa hilo ni vigumu kuishinda. Siagi ya karite (shea) nayo ni sawa. Ukiona vipele vyeupe vidogo vigumu kama punje za chumvi chini ya macho, umeweka nzito mno. Punguza, usivitoboe kwa sindano.

Ndugu wa Lubumbashi wanaosoma hapa, kwenu kiangazi cha Mei hadi Septemba kinakausha hewa kuliko kwetu. Msihesabu mistari ya Julai kuwa uzee kabla hamjafanya lile jaribio la Vazelini.

Kufikicha macho. Vumbi, moshi wa mbabula (jiko la makaa), aleji, vyote vinawasha, na mkono unakwenda wenyewe. Ngozi inayofikichwa kila siku inakuwa nene, nyeusi na yenye makunyanzi, hata kwa mtoto wa shule. Suuza macho kwa maji safi ukifika nyumbani, weka kitambaa chenye maji baridi dakika tano, na kama kuwasha hakuishi tafuta daktari wa macho akupe matone ya aleji. Tahadhari na matone yenye dexamethasone yanayouzwa kiholela kwenye farmasi ndogo. Hiyo nayo ni kortikoidi, sasa ndani ya jicho. Poda ya macho usiiondoe kwa kusugua: lowesha pamba kwa mafuta, ishike juu ya kope sekunde 30, kisha ivute chini mara moja. Pia weka mbabula mahali ambapo upepo unapeleka moshi mbali nawe. Sigara, kama unavuta, inaharibu kolajeni kutoka ndani, na hakuna cha kupaka kinachoifidia.

Ukishafanya hayo kwa mwezi mzima ndipo tuzungumze juu ya dawa. Iliyochunguzwa kuliko zote ni tretinoini, asidi ya vitamini A. Marekani iliiruhusu kwanza kwa chunusi mwaka 1971, na mwaka 1995 ikaruhusu kremu ya asilimia 0.05 kwa mikunjo midogo. Inaziamsha seli zitengeneze kolajeni mpya na inazuia ile iliyopo isivunjwe. Retinoli ni ndugu yake mpole: mwili lazima uigeuze mara mbili ndipo iwe asidi, kwa hiyo ina nguvu ndogo na maudhi madogo. Kwa pembe za macho, mimi ningeanza na retinoli ya asilimia 0.1 hadi 0.3. Tretinoini, hata ile ya 0.025, iwe kwa daktari. Sababu ni ngozi yetu: ikiungua, hata kidogo, inaacha weusi unaokaa miezi, na weusi huo unaonekana kuliko mkunjo uliokuwa unaufukuza. Mwenye mimba, anayetafuta mimba au anayenyonyesha asiguse kabisa. Yeye abaki na jua, unyevu, na akipenda niasinamidi (aina ya vitamini B3) ya asilimia 4 au 5.

Namna ya kutumia. Usiku tu. Nawa, kausha, ngoja dakika 20 mpaka ngozi iwe kavu kabisa, kwa sababu ngozi yenye maji inaipenyeza kwa kasi na kuungua. Paka Vazelini kama ukuta kwenye kona ya ndani ya jicho na kwenye ukingo wa kope, karibu na nywele zake. Paka kremu yako ya kawaida ya unyevu. Kisha retinoli, punje moja ya mchele igawanywe macho mawili, kwenye mfupa tu: gusa kwa kidole uusikie, anzia chini ya kona ya nje na upande kuelekea kwenye nyusi. Kope la juu liache. Dawa hutembea yenyewe usiku, hasa ukilala kifudifudi, kwa hiyo ukiipaka kwenye mfupa itafika inakotakiwa. Ukiipaka kwenye kope itafika ndani ya jicho, na utaamka na macho makavu yenye kukwaruza. Malizia kwa kremu ya unyevu tena juu yake.

Wiki ya kwanza na ya pili, usiku mbili kwa wiki, tuseme Jumatatu na Alhamisi. Wiki ya tatu hadi ya sita, usiku tatu. Baada ya hapo, kama hakuna kuwasha, usiku mmoja ndiyo mmoja hapana. Wengi kwenye eneo la macho hawahitaji kuzidisha hapo, na anayepaka kila usiku ili awahi ndiye huacha kabla ya mwezi kwisha. Kubabuka kidogo kama unga kati ya wiki ya pili na ya sita ni kawaida. Lakini ngozi ikianza kung'aa kama imevutwa, au maji ya kawaida yakiwasha, simama usiku saba, paka Vazelini tu, kisha urudi kwa nusu ya siku ulizokuwa nazo. Usichanganye usiku huohuo na vitamini C kali, na asidi za kubabua wala na skrabu. Kremu ya jua asubuhi yake si ya hiari.

Usitazame kioo kila siku. Piga picha leo pembeni mwa dirisha lilelile, saa ileile, uso umetulia na uso unacheka, kisha baada ya wiki 12 na wiki 24. Kabla ya wiki 12 usitarajie kitu, na hata kwa 24 mistari itakuwa imefifia, haitakuwa imetoweka. Kikopo cha retinoli kilichokuwa njano hafifu kikigeuka kahawia kimekufa. Hewa na mwanga vinakiua, ndiyo maana inayokuja kwenye tube ya chuma au chupa ya kusukuma ni bora kuliko ya kikopo cha mdomo mpana.

Ya jikoni nitayapita upesi. Limau lina asidi kali, linaunguza, na juani linaweza kuacha madoa meusi, lisifike usoni. Ute wa yai unavuta ngozi unapokauka, ukinawa umeondoka nao. Tango na kijiko baridi vinashusha uvimbe wa asubuhi kwa saa chache, si mkunjo. Avoka ni ya kula. Dawa ya meno usoni, sijui ilianzia wapi.

Kolajeni ya kunywa inasagwa tumboni kama protini nyingine, kama ya samaki na maharage, na hakuna anayeiamuru iende kwenye pembe ya jicho. Kuna tafiti zinazodai ngozi inapata unyevu zaidi, nyingi zimegharimiwa na wanaoiuza. Haikudhuru, lakini pesa ya kopo moja inanunua miwani nzuri.

Botoksi inafanya kazi, tena ndiyo yenye nguvu zaidi kwa ile mistari ya kucheka. Marekani iliiruhusu kwa pembe za macho mwaka 2013: yuniti 24 kwa jumla, 12 kila upande, katika sehemu tatu za yuniti 4. Inalegeza msuli, inaanza kuonekana ndani ya siku chache, inafika kilele kama wiki ya pili, na baada ya miezi mitatu au minne imekwisha. Mistari ya uso uliotulia inaipunguza kidogo tu. Shida kwetu ni frigo (jokofu). Dawa hiyo huhifadhiwa kwenye nyuzi 2 hadi 8, na mji unaokatikiwa umeme unahitaji mtu mwenye uhakika na jenereta yake. Uliza maswali haya bila aibu: anayechoma ni daktari? Chupa itafunguliwa mbele yako, namba ya toleo na tarehe vikionekana? Itachanganywa na nini, na lini? Ikishachanganywa inapaswa kutumika ndani ya saa 24, kwa hiyo "iliyobaki ya wiki iliyopita" ikatae. Akichoma vibaya, kope au nyusi inaweza kuanguka, au kicheko kikaenda upande mmoja. Hupita, lakini ni wiki kadhaa za kujificha. Mwenye mimba na mwenye ugonjwa wa udhaifu wa misuli hawafai. Baada ya kuchomwa usipasugue, na usijilaze kwa muda wa saa nne za kwanza.

Ile sindano nyingine ya kujaza chini ya macho ni hadithi tofauti. Ikiingia kwenye mshipa wa damu inaweza kupofusha, na marekebisho yake ni ya dakika, si ya kesho. Saluni au chumba cha mtu, hapana. Leza na kubabua kwa asidi kali kwenye ngozi nyeusi huacha madoa kama aliyeshika mashine hajazoea ngozi yetu, na mwenye kovu la kuvimba aseme mapema.

Andika hapa majina yaliyo nyuma ya hiyo tube, kama yalivyo, herufi kwa herufi, na useme umeipaka siku ngapi. Usitume picha ya mbele, maua na nyota za mbele hazitatuambia kitu.